Jozani na watoto: tazama maji kwanza, gari baadae

Likizo ya skuli ikikaribia tu grupu letu la familia la wasap linachangamka, tunawapeleka wapi watoto, na majibu ni yale yale, Forodhani, pembea za Kariakoo, Forodhani tena, halafu mmoja anasema twendeni Nungwi tukalale kabisa, watu wote wanaweka dole gumba, hakuna anaetafuta gari, na likizo inakwisha watoto wamo ndani wanagombania rimoti. Mara hii nimewahi. Kabla mtu hajaandika Forodhani nimeandika "Jozani, Jumamosi, watoto wote na bi mkubwa." Mdogo wangu akanijibu kwa voisi, unamsikia kabisa anacheka, "Dada, Jozani si kwa wageni kule?"

Wala simlaumu, mana wengi wetu wa mjini Jozani tunaijua kwa kupita njia. Unakwenda Makunduchi mazikoni au Paje harusini, ghafla miti imekuwa mirefu na kibaridi kinaingia dirishani, gari inapanda tuta moja, la pili, unaona vijibasi vya watalii vimepaki na wazungu wamenyanyua shingo wanatazama juu, na sie tumo ndani ya daladala ya 310 tumebanana tunawatazama wanaotazama. Kilomita kama 35 tu kutoka mjini! Na ukiwa na kitambulisho chako cha Mzanzibari unalipa shilingi kidogo, huguswi na ile bei ya dola. Kwahiyo kila mtu mzima aje na kitambulisho mkononi, si picha ya kitambulisho kwenye simu, si "wananijua pale".

Kwa wasioijua vizuri, hii ni hifadhi ya taifa, Jozani na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa 2004, eneo lake kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya hifadhi hai za dunia. Na yule kima punju, mwekundu mgongoni, mweusi mabegani na mikononi, ana manyoya meupe yamemzunguka uso, hayupo popote pengine duniani isipokuwa hapa Unguja na vijisiwa vya pembeni kama Uzi, na wale wachache waliochukuliwa wakapelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya sabini. Watu wanapanda ndege masaa kumi kuja kumuona na mwanangu alifika miaka tisa hajawahi kumuona ila kwenye mchoro wa skuli. Hilo lilinikera nafsi yangu.

Haya sasa tupange. Watu wengi wakipanga matembezi wanaanza na gari, gari ya nani, mafuta ya nani, na wakishapata gari ndo wanachagua siku. Mie naanza na maji. Najua mtu atasema maji na msitu wapi na wapi, lakini Jozani si msitu peke yake, kuna na mikoko ya kijiji cha Pete ng'ambo ya barabara ambako umetengenezwa ujia wa mbao unaopita katikati ya mikoko, na ule ujia ukienda maji yamejaa unaona kitu kimoja, ukienda yamekupwa unaona kitu kingine kabisa. Halafu baada ya hapo watoto lazima watataka kuoga baharini, usijidanganye kama utawarudisha nyumbani bila ya kuogelea, kwahiyo na kule unataka maji yawepo.

Sasa hesabu yake ni hii, na wazee wetu wavuvi wanaijua bila ya kalenda. Bamvua, yale maji ya kujaa sana na kukupwa sana, linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Siku hizo hapa kwetu maji yanakupwa kwenye saa nne za asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi za alasiri, na tofauti ya juu na chini inakaribia mita nne, si mchezo. Kila siku inayofuata yanachelewa kidogo, baada ya wiki moja ushaingia kwenye maji mafu, yanajaa asubuhi na yanatoka alasiri tena bila ya nguvu. Wale wanaowaandikia watalii wanasema nenda kwenye mikoko maji yamejaa ndo pazuri kwa picha. Kwa picha sawa. Kwa watoto hapana, maji yakijaa wanaona maji. Yakitoka wanaona tope lote liko hai, kaa wekundu wa gando moja kubwa wanapunga, visamaki vile vyenye macho juu ya kichwa vinavyorukaruka juu ya tope kavukavu mpaka mtoto anauliza yule samaki au chura, na mizizi yote iko wazi. Kwahiyo mie nataka Jumamosi ya bamvua, asubuhi kavu kwenye mikoko, alasiri maji tele pwani. Siku imejipanga yenyewe hapo, kazi yako ni kuifata tu.

Ijumaa naikwepa kwa ajili ya sala, na mwezi wa nne na wa tano nazikwepa kwa sababu ya masika. Ule msitu chini yake maji yako karibu sana, mvua ikipiga ya kweli ardhi inajaa maji na njia nyingine zinakuwa madimbwi, mbu hao usiseme. Miezi ya kusi, wa sita mpaka wa tisa, ndo raha, baridi nzuri, bi mkubwa hatoki jasho na watoto hawalii joto. Desemba pia inawezekana ila vuli ikichelewa kuisha mtaloa. Na mwezi wa saba tazameni Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, imeangukia lini, mana barabara ile ile inakwenda Makunduchi na siku ile kila mwenye gari yuko njiani.

Kitu cha pili baada ya maji ni watu wenu wawili, mzee na mdogo kuliko wote. Kila mpango ujaribu kwao. Bi mkubwa wangu, bibi yao watoto, magoti hayamtii, anatembea lakini kwa mpango wake, na mdogo wetu wa mwisho ana miaka miwili, anataka kutembea mwenyewe hatua ishirini halafu anataka kubebwa, halafu anataka tena kutembea. Ukiwapangia hawa wawili vizuri wale wa katikati watajiburudisha wenyewe, ukiwapangia wale wa katikati, saa tano bibi yuko kwenye gari amenuna na mtoto analia na baba watoto anakutazama kwa lile jicho.

Njia ya msituni kwa bahati si ndefu, ile ya kawaida kama nusu saa mpaka dakika arubaini na tano kwa mwendo wa kusimamasimama, na tambarare, hakuna mlima, ila kuna mizizi inatambaa njiani kwahiyo ndara mziache nyumbani, raba au kiatu cha kufunika. Bibi atakwenda mpaka atakapopenda, akichoka anarudi kukaa pale mapokezini na mmoja wetu. Hilo tunalisema mapema kabla hatujaondoka nyumbani ili mtu asijione kaachwa, na zamu ya kukaa nae iwe inajulikana, si kila mmoja anamtazama mwenzake.

Pia mnapewa muongozaji, hamuingii wenyewe, na mie napenda hivyo kwa sababu mwaka mmoja tulipata kijana wa pale pale vijijini aliyekuwa anaijua miti kwa majina kama watu wa mtaani kwake. Huu mtondoo, mbao yake mafundi vyombo wanaipenda. Huu mwale, jani lake moja tu refu kuliko gari. Ule mkadi. Akawauliza watoto nani anajua majina ya miti mitatu ya nyumbani kwao, mmoja akasema mwembe, mmoja mnazi, wa tatu akasema "mti wa Krismasi", sie kwetu Mwanakwerekwe, sijui kautoa wapi, kwenye katuni nadhani. Kwahiyo muombeni muongozaji azungumze na watoto, mana wamezoea kuwaeleza wageni wazima kwa Kiingereza na wakipata watoto wa Kiswahili wenyewe wanafurahi.

Watoto watauliza chui. Wote wanauliza. Chui wa Unguja alikuwepo, mdogo kuliko wa bara, na wazee wa shamba wana hadithi zao za chui wa kufuga, kwamba kuna watu walikuwa nao wanawatuma usiku kwenda kuwatisha au kuwadhuru wenzao, na baada ya Mapinduzi ya 1964 palikuwa na kampeni kubwa ya kuwasaka chui na waliosemwa kuwafuga. Bi mkubwa wangu kakulia upande huo wa kusini, hadithi hizi anazo za kutosha, na ushauri wangu msimwache azianze msituni. Azihifadhi za kurudi nazo kwenye gari, mtapata utulivu kutoka Kitogani mpaka Tunguu hamsikii pumzi ya mtoto.

Kima sasa. Wale waliozoea watu mara nyingi hawamo ndani kwenye msitu mnene, wanakaa upande wa mashamba karibu na barabara, ndo mana mnaweza kuwaona bila ya kutembea sana na bibi nae anawaona. Asubuhi wanakula na alasiri wanakula, mchana wa jua kali wanalala matawini mikia imening'inia, hapo mtoto atakuuliza mbona hawafanyi kitu. Kwahiyo saa mbili asubuhi muwe mushafika, mkitoka mjini saa moja kamili si mbaya. Saa moja kamili, si saa moja ya kwenye kadi ya harusi.

Waambieni watoto wamtazame mikono. Kima punju hana dole gumba. Pale penye dole gumba pana kinundu tu, anashika tawi kwa vidole vinne na anaruka mti hadi mti hajali. Mwanangu wa kati alikaa kimya anatazama mkono wa kima na mkono wake, akalikunja dole gumba lake ndani ya kiganja na kujaribu kushika chupa ya maji hivyo hivyo mpaka ikamponyoka. (Kwenye grupu letu la wasap huyo kima hana faida yoyote, hawezi kukubali mpango wa mtu.)

Na msije na ndizi za kuwapa. Kwanza hairuhusiwi, pili huyu halisi chakula chake ni majani machanga, maua na matunda mabichi, tumbo lake limegawanyika vyumba na linachachisha majani, matunda mabivu ya sukari yanamvuruga. Ila mkaa anakula! Hii watoto wanaipenda kuliko zote. Anaokota mkaa kwenye matanuri, anaingia mpaka majikoni kwa watu kuchukua, anakaa juu ya mti anatafuna mdomo mweusi. Wataalamu wanasema sababu ni majani ya mwembe na mkungu anayokula kwenye mashamba ya watu, yana vitu vikali ndani na mkaa unamsaidia kuvipunguza. Bi mkubwa aliposikia akasema sie kwetu tulikuwa tunajua anakula mkaa ila tulikuwa tunasema ana laana, na mbwa akimla yeye ananyonyoka manyoya yote. Muongozaji akacheka, akasema na bibi yake nae anasema hivyo hivyo.

Msiwasogelee lakini. Watawapita karibu kwa sababu washazoea, hilo lisiwafanye mumguse au mumuweke mtoto pembeni yake kwa picha, mafua yetu wanaambukizwa na wao, kwahiyo mwenye mafua abaki nyuma. Na yule mwengine wa kijivu, kima wa kawaida, huyo ndo mwizi, akiona mfuko wa sambusa hakuombi. Vyakula vyote vibaki garini na vioo mpandishe.

Kuna mtu grupuni kauliza kwani kima wamebaki wangapi. Walihesabiwa kwa miaka kadhaa karibu kisiwa chote na matokeo yakatoka 2019, kama 5,800 hivi, zaidi ya walivyokuwa wanadhaniwa, na sehemu kubwa ya watoto wao hawafiki ukubwani. Wengine wanakufa kwa kugongwa na gari pale pale barabarani, ndo sababu ya yale matuta tunayoyalalamikia kila tukipita. Dereva wetu nishamwambia, pale pole pole, na nitakaa mbele mwenyewe.

Kutoka kwenye kima kwenda kwenye mikoko mnaweza kutembea lakini na bibi na mtoto mtachoma nguvu bure juani, nendeni na gari. Mnapita kwanza kwenye vichaka vya mawe, ule msitu mfupi unaoota juu ya mawe ya matumbawe, hapo kila mtoto ashikwe mkono, mawe yana ncha na upupu upo, mtoto akigusa upupu matembezi yamekwisha. Halafu mnafika kwenye mkwaju mkubwa sana wa zamani na hapo ndo ujia wa mbao unapoanzia. Chini ya mkwaju ndo pa bibi! Kivuli kizuri, upepo, tandika mkeka, mwekee chai yake ya chupa, aliyechoka abaki nae. Sie mkeka wa bibi na kiti chake cha plastiki vinaingia garini kabla ya kitu chochote.

Ujia wenyewe unazunguka na kurudi pale pale kwahiyo hakuna kupotea, mwembamba kiasi, mbao zikiwa na majimaji zinateleza, na wale wa miaka miwili mitatu hapo ni mgongoni au mkono kwa mkono, hakuna ubishi. Na hapa mie ndo nakaa sana kuliko kwa kima, samahani kwa kima. Mwambie mtoto avunje jani moja tu la mchu, aina moja ya mikoko, aligeuze, alilambe. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari na chumvi unaitoa kwenye jani, siku za kiangazi unaiona kabisa imeng'aa punje punje. Na mizizi yake imechomoza kutoka kwenye tope imesimama wima mamia kwa mamia, hiyo ndo anayopumulia mana ndani ya tope hakuna hewa. Mkoko wenyewe ule wa mizizi ya matao unazaa mbegu ndefu ambayo inaota ikiwa bado iko mtini, inaning'inia, siku ikikatika inadondoka na kujichoma kwenye tope, ishapanda mti. Tulisimama kusubiri moja idondoke, haikudondoka, watoto wakakataa kuondoka kwa sababu eti ile pale inatikisika.

Boriti nyingi zile za dari za nyumba za Mji Mkongwe zimetoka kwenye mikoko, na meli za Oman na nchi za Ghuba kule Uarabuni zilikuwa zinakuja kuzichukua kwa karne nyingi, kule hawana miti ya kujengea. Nyumba ya babu yetu Malindi, pale pale mjini, ina vyumba vyembamba virefu, watoto siku zote wanauliza kwa nini, basi siku ile niliwaonesha mti wenyewe, boriti haizidi urefu huu, na chumba hakizidi boriti.

Msikate kitu sasa, jani la kulamba limetosha. Sehemu ya pesa za kiingilio inarudi kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu na kwa wakulima ambao kima wanakula mashambani mwao, kwahiyo zile shilingi zako kidogo zilipe kwa moyo, usianze kupatana kama uko Darajani.

Chakula. Hapa wifi yangu nilivutana nae siku nzima. Yeye anataka wali wa nazi na mchuzi wa samaki kwa sababu bibi ndo anachopenda, na mie namwambia wifi, nazi ikipikwa alfajiri mpaka saa saba na joto hili ndani ya gari imefungwa kitakuwa kishachacha, utawatia watu tumbo njiani na vyoo viko wapi. Pilau kavu. Pilau ya nyama isiyo na majimaji, ikaingia hotpoti ya moto, haina wasiwasi mpaka alasiri. Kachumbari msiikate nyumbani, bebeni nyanya na vitunguu na kisu mkakate kule kule. Chatne ya nazi hapana kwa sababu ile ile, bebeni achari ya embe. Asubuhi njiani boflo na mayai ya kuchemsha na vitumbua, kachori kwa wanaotaka. Machungwa kwa wingi, yameshamenywa. Maji dumu moja kubwa la kunywa na moja la kunawa, na hili la kunawa mtu anaelisahau ataujua umuhimu wake pale mtoto akitoka pwani na mchanga mpaka masikioni. Kila kitu kwenye vikapu, mifuko ya plastiki kwetu marufuku na taka zenu mnarudi nazo mjini. Wifi amekubali pilau ila kasema bibi akinuna atamwambia ni mie.

Gari, haya sasa tumefika kwenye gari. Wenye watu wachache pandeni daladala tu jamani, 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi, 324 ya Bwejuu, zote zinapita mlangoni, mwambie konda Jozani anakushusha. Shida yake ni kurudi na kwenda pengine, unasimama barabarani na watoto unasubiri iliyo na nafasi. Sie tuko wengi na tuna bibi na mikeka kwahiyo tunakodi Noah mbili kwa kutwa. Mnapokubaliana bei semeni yote kwa mara moja na kwa maandishi ya wasap, mafuta juu ya nani, kurudi saa ngapi, na kwamba mtakwenda sehemu mbili si moja. Mana dereva akisikia "na pale Kizimkazi mara moja" mkiwa mushatoka, bei inazaliwa upya.

Ndio, baada ya mikoko tunakwenda Kizimkazi. Baba watoto anataka Paje, kwa sababu kuna wanaoruka na miavuli ya upepo na yeye anapenda kuwatazama, lakini Paje maji yakitoka yanakwenda mbali sana, na hata yakirudi saa zile za mchana utayatembelea. Kizimkazi Dimbani pana kighuba kimekaa vizuri, upepo wa kusi haupigi usoni, maji yanakuja yanapanda taratibu kuanzia saa saba hivi na saa kumi yamejaa, watoto wanaoga wewe unawaona wote kwa jicho moja. Na tukifika pale ni wakati wa adhuhuri, na msikiti wa kale uko pale pale. Kwenye kibla pana maandishi ya Kikufi yamechongwa kwenye jiwe, tarehe yake mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, ukuta mwingi ulikuja kujengwa upya karne ya 18 lakini yale maandishi ndo yale yale. Ukiuona kwa nje bati tu na ukuta mweupe, unaweza kuupita. Wanawake mtandio na nguo ya heshima, watoto wasiingie na miguu ya mchanga, na muulizeni msimamizi kabla ya kuingia kutazama.

Pomboo tunawaacha. Vijana wa boti watakuja kutuuliza, tutawashukuru. Mie nimeona boti nyingi zimemzunguka pomboo mmoja na watu wanajirusha juu yake, haikunifurahisha, na tena saa hizo watoto watakuwa wanataka pilau tu.

Kuondoka Kizimkazi saa kumi na nusu, si kwa ajili ya giza tu, bali watoto wakitoka majini wakavaa kavu wakala chungwa wanatulia wote kabla hatujafika Kitogani na bibi ndo anapata nafasi ya chui wake. Mjini kabla ya magharibi inshaallah.

Mpaka sasa hali iko hivi: siku tushachagua, Jumamosi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, kupwa saa nne na kidogo. Noah moja imethibitisha, ya pili dereva anasema ana harusi ya kupeleka watu asubuhi na atatukuta kule, nimemkataa, natafuta mwengine. Mdogo wangu aliyekuwa anacheka amesajili watoto wake wote na sasa anauliza anaweza kumleta na jirani yake. Wifi analeta hotpoti na mikeka miwili. Baba watoto bado ananitumia video za Paje. Mwenye kumjua dereva mwenye Noah au Alphard, mpole na asiyevuta sigara, mwenye kukubali kwenda pole pole kwenye matuta ya Jozani, aniandikie hapo chini kabla ya Alhamisi.